Wasomaji Wanauliza: Mgeni Aliyekuja Kuishi, si Kupita

Barua tulizozichagua safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni watu wa kutoka nchi nyingine wanaohamia miji midogo na namna wenyeji wanavyowapokea. Majina ya waandishi na miji yao tumeyaacha kwa ombi lao wenyewe.

Ndugu Mhariri, mimi ni diwani katika mji mdogo ambao kwa miaka michache umepokea wageni wengi kutoka nje ya nchi. Wananchi wananijia kila siku wakisema foleni ya zahanati haiishi, madarasa yamejaa na kodi za nyumba zimepanda. Nikiyapeleka hayo kwenye kikao naambiwa nina ubaguzi. Nikinyamaza, walionichagua wanasema nimewasaliti. Nishike lipi?

Mheshimiwa Diwani, yashike malalamiko hayo kama yalivyo, yaani kama hesabu ya wauguzi, madawati na vyumba vya kupanga, na usikubali mtu yeyote ayageuze kuwa kesi dhidi ya wageni. Katika jiji kubwa watu elfu kumi wakiingia hakuna anayetambua, lakini katika mji mdogo wenye zahanati moja hata familia mia moja zinaonekana kwenye foleni ya asubuhi. Mwananchi anayesema amesubiri tangu alfajiri hajamtukana mtu. Ukimwita mbaguzi, kesho atamtafuta wa kumsikiliza, na watu wa kumsikiliza kwa nia mbaya hawakosekani.

Mji wa Springfield, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, umeyapitia haya mbele ya macho ya dunia nzima. Mwaka 1960 ulikuwa na wakazi zaidi ya 80,000. Viwanda vilipofungwa wakapungua hadi chini ya 60,000. Ajira zilipoanza kurudi, kuanzia karibu mwaka 2020 Wahaiti wakaanza kuhamia huko kwa wingi, wengi wao wakiwa na vibali halali, hata kufikia mwaka 2024 uongozi wa mji ukakadiria kuwa katika kaunti nzima walikuwa kati ya 12,000 na 15,000. Kliniki zilielemewa, kwa kuwa mgonjwa anayehitaji mkalimani huchukua muda mrefu kuliko mwingine, na kodi za nyumba zikapanda. Hayo yote yalikuwa kweli. Kisha Agosti 2023 dereva mmoja Mhaiti aligongana na basi la shule, na mtoto wa miaka 11 akafariki. Mwaka uliofuata ukazuka uvumi kwamba wageni wanakula mbwa na paka wa majirani. Uongozi wa mji ulieleza kwamba hakukuwa na taarifa yoyote ya kuaminika kuhusu jambo hilo, lakini Donald Trump aliurudia uvumi huo katika mdahalo wa urais wa Septemba 10, 2024, na katika siku zilizofuata vitisho vya mabomu zaidi ya 30 vikatumwa mjini humo. Vyote vilikuwa vya uongo, ila watoto walitolewa madarasani mbio, watoto wa wenyeji na watoto wa wageni kwa pamoja.

Mambo mawili kutoka Springfield nakuomba uyaweke moyoni. La kwanza ni la baba wa mtoto yule aliyefariki, ambaye alisimama katika kikao cha halmashauri ya mji wake na kuwataka wanasiasa waache kulitumia jina la mwanawe kueneza chuki. Mtu aliyepoteza kuliko wote ndiye aliyekataa kwanza. La pili ni la gavana Mike DeWine, mzaliwa wa mji huohuo na mwanachama wa chama kimoja na Trump. Aliukana uvumi hadharani, akapeleka askari wa jimbo kulinda shule, na wakati huohuo akatangaza dola milioni 2.5 za kuongeza huduma za afya. Alikataa uongo na hapohapo akaijibu foleni ya kliniki. Ndiyo maana nasema hulazimiki kuchagua kati ya wananchi wako na wageni wao.

Upande wa pili upo mfano wa Lewiston, katika jimbo la Maine hukohuko Marekani, mji wa watu wapatao 36,000 ambako familia za Kisomali zilianza kuhamia mwaka 2001. Oktoba 2002 meya wake, Laurier Raymond, aliandika barua ya wazi kuwaomba wazee wa Kisomali wawazuie ndugu zao wasije zaidi, kwa maelezo kwamba mji umeelemewa. Huenda hesabu zake zilikuwa sahihi. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni anwani ya barua. Wazee wale hawakuwa na bajeti ya shule wala mamlaka juu ya wakalimani, na kama barua ileile ingepelekwa serikali ya jimbo ikitaja idadi ya walimu wanaohitajika, ingekuwa ombi la kawaida la kiongozi anayejali. Badala yake kundi la wabaguzi kutoka nje liliiona kama mwaliko, likaitisha mkutano mjini Januari 2003. Likapata watu wachache sana, huku mkutano wa kuwaunga mkono Wasomali, siku hiyohiyo na mjini humohumo, ukijaza watu wapatao 4,000.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kaa na mganga wa zahanati na mwalimu mkuu, andikeni pungufu lililopo kwa tarakimu, na barua iende kwa wenye fungu. Kisha itisha mkutano wa hadhara ambamo wageni wenyewe nao watasema. Mara nyingi utasikia kwamba foleni hiyohiyo inawatesa na wao.

Naomba kujua tofauti ya mkimbizi na mhamiaji, maana kwetu maneno haya yanatumika ovyo.

Mkimbizi ni aliyevuka mpaka wa nchi yake kwa kuhofia mateso, na analindwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951; barani Afrika, mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ulipanua maana hiyo na kuwaingiza pia wanaokimbia vita na machafuko. Mhamiaji ni neno pana zaidi, linalomhusu pia aliyefuata kazi, masomo au ndoa. Tofauti hii ni kubwa mbele ya sheria, hasa katika haki ya kufanya kazi na ya kutorudishwa kwao. Kwa jirani mnayeshiriki kisima kimoja, haibadilishi kitu.

Mimi ni mama wa watoto wanne na mume wangu ni kibarua. Kiwandani wameajiri wageni wengi, na tunaambiwa ndio waliosababisha mshahara usipande. Je, ni kweli wageni wanachukua kazi zetu?

Mama, swali lako ni la haki na sitalijibu kwa kukutuliza tu. Katika miji midogo mingi kazi ndizo zinazotangulia na wageni wanafuata. Mwishoni mwa mwaka 1980 kiwanda kikubwa cha nyama kilifunguliwa karibu na Garden City, katika jimbo la Kansas, mahali ambapo wenyeji hawakutosha kukijaza. Wakaja Wavietinamu, kisha Wameksiko, na baadaye Wasomali. Ni kweli kwamba katika miaka hiyo mishahara ya viwanda vya nyama nchini Marekani ilishuka ikilinganishwa na ya viwanda vingine. Lakini viwanda hivyo vilikuwa vinahama miji mikubwa yenye vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu kwenda mashambani, ambako mfanyakazi hakuwa na wa kumsemea. Mgeni alikuta meza imeshaandaliwa hivyo. Mwajiri akiweza kumlipa mgeni kidogo kwa kuwa anaogopa kulalamika, mumeo naye atalipwa kidogo, na hapo njia inayoniingia akilini ni wote wawili kuwa katika chama kimoja. Nakubali kuwa ni rahisi kuyaandika haya kuliko kuyafanya.

Lipo pia jambo linalosahaulika, kwamba mwajiri ndiye anayefaidi mikono mipya, lakini gharama ya madarasa na matibabu inabaki kwa halmashauri. Pale mwajiri alipobeba sehemu yake, mambo yamekwenda tofauti kabisa. Nhill ni mji wa watu wapatao 2,000 katika jimbo la Victoria nchini Australia, na kampuni ya kusindika bata iliyoko hapo ilikosa wafanyakazi. Mwaka 2010 ilianza kuajiri wakimbizi wa kabila la Karen kutoka Myanmar waliokuwa wakiishi pembezoni mwa Melbourne. Kabla familia hazijahama, meneja wa kampuni na mkewe walizungumza na viongozi wa mji, na familia zenyewe zikaletwa kuutazama mji kwanza. Wenyeji wakajitolea kuwasaidia katika kutafuta nyumba na kujifunza Kiingereza. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulikadiria kwamba ujio huo uliuongezea uchumi wa eneo lile dola za Australia milioni 41.5 katika miaka mitano. Ninavyoona mimi, kilichofanya kazi kuliko yote ni kwamba wenye mji waliambiwa mapema, kwa heshima, na watu wanaowafahamu. Hakuna aliyeamka asubuhi akakuta majirani wapya bila kujua wametoka wapi na wamekuja kufanya nini.

Mimi ndiye mgeni. Nina mwaka mmoja katika mji huu. Wananisalimia vizuri barabarani, lakini hakuna aliyewahi kunikaribisha kwake. Nimekosea wapi?

Ndugu yangu, barua yako niliisoma mara mbili, na sioni ulipokosea. Upweke wa mji mdogo una ukali wake, kwa sababu kila mtu anamjua mwenzake tangu utotoni, na ratiba ya maisha yao imejaa watu waliowazoea. Mara nyingi hawajakukataa. Hawana tu sababu ya kukuita.

Sababu hiyo huzaliwa watu wanapofanya jambo pamoja. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza kwamba kukutana peke yake hakupunguzi chuki: inafaa watu wakutane wakiwa na hadhi sawa, wakifuata lengo moja linalowalazimu kusaidiana, na viongozi wao wakiliunga mkono jambo hilo. Kule Lewiston niliyoitaja, mwaka 2015 timu ya soka ya shule ya sekondari ilitwaa ubingwa wa jimbo ikiwa na wachezaji wengi waliotoka katika familia za wakimbizi. Mzazi aliyekaa jukwaani akimshangilia mwenye mpira hana nafasi ya kuuliza alizaliwa wapi.

Mji wa Altena, magharibi mwa Ujerumani, ulilipanga jambo hili kwa makusudi. Ulikuwa umepoteza sehemu kubwa ya wakazi wake baada ya viwanda kudorora, na mwaka 2015 meya Andreas Hollstein akaomba wakimbizi 100 zaidi ya idadi aliyopangiwa. Hawakurundikwa kambini, walipewa nyumba zilizokuwa tupu katikati ya wenyeji, na kila familia ikapewa mwenyeji wa kujitolea wa kuisaidia kusoma barua za ofisini, kumwona daktari na kuandikisha watoto shule. Si wote waliopenda. Novemba 2017 mtu mmoja alimchoma meya huyo kisu shingoni ndani ya mkahawa kwa hasira ya sera yake, na waliomwokoa ni mwenye mkahawa na mwanawe, watu wenye asili ya Uturuki. Mmoja alimshika mshambuliaji na mwingine akasaidia, hadi polisi wakafika.

Nawe usisubiri kuitwa. Ingia katika kwaya, timu, kamati ya shule au kazi ya kujitolea, uombe jukumu dogo ambalo wenzako watalitegemea, na umwulize mtu mmoja swali ambalo yeye tu anaweza kulijibu. Wahenga waliosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hawakumfukuza mgeni. Walimpa nafasi shambani.

Je, mgeni anaacha lini kuwa mgeni? Babu yangu alikuja na sisi tumezaliwa hapa, lakini bado tunaitwa wa kuja.

Kwa sheria, siku apatapo uraia, na siku hiyo inaweza kuchelewa mno. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 waliishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalima na kuzaa watoto ambao hawakuijua Burundi kabisa. Uraia wao ulipoidhinishwa, mpango wa awali uliwataka wahame makazi hayo na kusambazwa katika mikoa mingine. Mpango huo ulikwama, na hatimaye mwaka 2014 watu wapatao 162,000, wale wa awali pamoja na wazao wao, wakaanza kupokea vyeti vyao na kubaki walipokuwa. Aliyezaliwa Mishamo mwaka 1980 alikuwa na miaka 34 siku hiyo, pengine naye akiwa na watoto.

Kwa mdomo wa majirani hakuna cheti. Kule Maine wafanyakazi wa viwandani waliotoka Kanada, wasemaji wa Kifaransa, walichukiwa hadi sheria ya mwaka 1919 ikazuia shule kufundisha kwa lugha yao, na kundi la wabaguzi wa Kizungu liitwalo Ku Klux Klan likawaandama katika miaka ya 1920. Wajukuu wao ndio wenyeji wa Lewiston waliowakuta Wasomali. Baadhi yao waliyakumbuka yale waliyosimuliwa na bibi zao, wakaenda kugonga mlango wa jirani mpya.