Barua kwa mwanangu: Maji ya kwanza ugenini

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, mimi na baba yako tu wazima, na barua yako tumeisoma mara mbili. Nimefurahi kwamba makazi mapya yamekupokea vizuri. Nimefurahi zaidi kwamba katika heka heka zote za kuhama hukuisahau fimbo yako ya kuvulia. Umeniuliza hivi: "Mama, huku simjui mtu, sina mashua, na kila ninayemwuliza samaki aina ya besi wanapatikana wapi ananijibu kwa mafumbo. Nitapajuaje mahali pazuri panaporuhusiwa watu wote?"

Usiwaulize watu mahali. Mvuvi aliyetumia miaka kukijua kisiki kimoja hawezi kumpa mgeni, na sioni kosa lake. Mwulize maji hubadilika rangi vipi baada ya mvua. Mwulize vidagaa hukusanyika upande gani jioni, na je, kamba wa maji baridi wamo kwenye mawe. Hayo atakueleza mpaka jua lizame, na ndani yake mna sehemu kubwa ya jibu unalolitaka.

Chagua maji unayoweza kuyafikia mara mbili kwa wiki, hata kama hayana sifa. Hili nalisema kwa sababu lilinigharimu. Nilipohamia ugenini mara ya kwanza, wewe hujaanza kutembea, nilisikia habari za ziwa moja kubwa lililokuwa mwendo wa saa tatu. Msimu mzima nilikwenda mara nne. Kila nilipofika nilikuta maji mengine: leo yamejaa, kesho yamepungua, upepo umegeuka, magugu yamehama. Sikujifunza kitu, kwa kuwa kila safari ilikuwa ya kwanza. Wakati huo huo palikuwa na bwawa la kawaida karibu na nyumba, nalipita kila siku. Nilipoanza kwenda hapo alfajiri kabla ya kazi, wiki ya sita nilikuwa najua samaki wako wapi kabla ya kutupa mshipi.

Wala usidhani maji yasiyo na jina hayana samaki wakubwa. Besi mdomo mpana aliyeshikilia rekodi ya dunia kwa miaka mingi alivuliwa na George Perry, kijana mkulima, tarehe 2 Juni 1932 huko Georgia, Marekani. Alikuwa na uzito wa kilo 10 na ushei. Hakutoka kwenye ziwa maarufu, alitoka Montgomery Lake, kipande cha maji kilichoachwa na mto Ocmulgee ulipobadili njia. Rekodi hiyo haikufikiwa hadi 2009, Manabu Kurita alipovua wa uzito kama huo katika ziwa Biwa, Japani.

Sasa suala la ruhusa, ambalo ni zito kuliko watu wanavyolichukulia. Maji kuwa ya umma hakumaanishi kwamba ukingo nao ni wa umma. Mimi niliwahi kufuata njia ya miguu iliyokuwa wazi kabisa, nikafika kwenye ghuba ndogo nzuri, nikavua saa nzima kwa furaha. Akaja mwenye shamba. Hakunitukana, aliniuliza tu ni nani aliyenipa ruhusa, nami sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo naanzia kwenye ramani rasmi za ardhi na za hifadhi, ndipo nafikiria samaki. Anza na idara ya uvuvi au ya wanyamapori ya eneo lako. Nyingi zina orodha ya maji ya umma, magati, na miteremko ya kushushia mashua, na mara nyingi huandika samaki gani walipandikizwa na mwaka gani. Huko Marekani, tangu sheria ya 1950, kodi inayotozwa kwenye zana za uvuvi hurudishwa majimboni kutunza samaki, na sehemu ya fedha hizo hujenga njia za kufikia maji. Kwa hiyo mteremko wa mashua ni mahali ulipojengewa wewe, hata kama huna mashua. Simama kando yake, usizuie wanaoshusha, tupa sambamba na ukingo wa zege. Pale chini pamekatwa ghafla kuwa kina, na besi hupenda mkato.

Kanuni zisome upya kila unapohama. Besi ni mwenyeji wa Amerika ya Kaskazini, na huko mara nyingi sheria humlinda: urefu wa chini, idadi kwa siku, pengine msimu wa kufunga. Japani, ambako alipelekwa mwaka 1925, anahesabiwa kuwa mvamizi, na tangu 2005 ni kosa kumsafirisha akiwa hai. Kwenye ziwa Biwa kwenyewe huruhusiwi hata kumrudisha majini. Samaki yule yule, wajibu tofauti kabisa. Nunua leseni kabla ya kutoa ndoana.

Ukishapata maji mawili au matatu yenye ruhusa, kaa nyumbani jioni moja na picha za satelaiti. Hapa ndipo penye utamu, na ninakusihi usipaharakishe. Besi ni mviziaji. Hafukuzi chakula mwendo mrefu, hujificha kando ya kitu na kungoja. Kwa hiyo unatafuta mahali ambapo mambo matatu yanakaribiana: kificho, chakula, na kina cha kukimbilia. Matete peke yake hayatoshi. Matete yanayoishia kwenye maji meusi yenye kina, hayo yatie alama. Rasi inayoingia majini huendelea chini ya maji hata pale usipoiona, na samaki huifuata kama sisi tunavyofuata barabara. Tazama kijito kinapoingilia, gogo lililoanguka, nguzo za daraja, mayungiyungi, tuta la mawe la bwawa. Kama kuna ramani ya vina vya maji, ambayo kila mstari wake huunganisha sehemu zenye kina kimoja, mistari iliyobanana inaonyesha mteremko mkali, na iliyoachana inaonyesha tambarare. Pale mstari mmoja unapojikunja ghafla ndipo pa kuanzia.

Na kama ni bwawa la kutengenezwa, tafuta picha za mwaka wa ukame. Programu nyingi za ramani huhifadhi picha za zamani. Maji yakiwa yamepungua utaona kitanda cha mto wa kale, barabara iliyozama, misingi ya nyumba, visiki. Maji yakirudi, vyote hivyo vimo humo chini, na aliyekuja jana hajui. Bwawa lile la kwetu lilikuwa na ukuta wa mawe chini ya maji, hatua kama thelathini kutoka ukingoni. Niliuona kwenye picha kabla sijamsikia mtu akiutaja.

Siku ya kwanza nenda bila ndoana. Tembea ukingo wote unaoruhusiwa, vaa miwani inayokata mng'ao, angalia vidagaa wanaporuka kwa hofu, angalia ndege wanaokula samaki wanasimama wapi. Siku ya pili chukua chubwi zito, lile la kuzamishia mshipi, bila chambo, lirushe, hesabu mpaka likae chini, kisha livute polepole. Mkono utakuambia: tope hulivuta kwa ulaini, changarawe hutetemesha mshipi, mti hulishika na kuliachia. Kwa asiye na mashua hiki ndicho kipimo bora ninachokijua.

Majira utayajua ukikaa. Maji yakifika kama nyuzijoto 15 hadi 20 za Selsiasi, besi husogea kwenye kina kifupi kutaga, na dume hubaki akilinda kiota. Ukiona duara safi lililofagiliwa chini ya maji na samaki amesimama juu yake, tafadhali mwache, hata kama sheria inakuruhusu. Akiondolewa hata kwa dakika chache, samaki wengine hula mayai. Kwenye joto kali nenda alfajiri au magharibi, na adhuhuri tafuta kivuli kilicho karibu na kina. Siku za mawingu besi huzunguka zaidi.

Nunua daftari dogo. Andika tarehe, upepo, rangi ya maji, joto lake, na mahali hasa ulipodonolewa, hata kama samaki alikuponyoka. Siku usiyopata kitu iandike pia, kwa sababu hizo ndizo zitakazokupunguzia ukingo wa kutafuta. Na usihamehame mahali kila dakika tano. Gogo zuri lipe mitupo kumi kutoka pande mbili, badilisha chambo mara moja, ndipo uende.

Okota taka utakazozikuta, hata zisizo zako. Nimeona sehemu mbili za umma zikifungwa kwa ajili ya uchafu, na baada ya hapo hakuna aliyevua tena.

Ukichagua maji yako, nitumie picha ya ramani ikionyesha ukingo wote. Nitaweka alama mahali ambapo mimi ningeanzia, na wewe weka zako kabla hujaziona zangu, kisha tuzilinganishe. Baba yako naye anataka kuweka zake.

Akupendaye,
Mama