Meza ya CNC inashuka katikati: niongeze unene wa bamba?

Swali: Habari fundi. Nimejitengenezea mashine ndogo ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) ya kuchonga mbao na alumini. Meza ndiyo inayotembea mbele na nyuma, juu ya shafti mbili za mm 16 zilizoshikwa kwenye ncha tu. Kati ya kishikio na kishikio kuna mm 600. Meza, jiriwa na kazi yenyewe vyote pamoja ni kama kilo 10. Nikichonga mstari mrefu wa maandishi, herufi za katikati zinatoka hafifu kuliko za mwanzo na mwisho, tofauti ya karibu mm 0.3. Bamba langu la meza ni alumini ya mm 10, sentimita 30 kwa 40. Nataka niweke la mm 20. Itasaidia?

Jibu: Habari nzuri, fundi mwenzangu. Bamba usinunue kwanza. Hilo jipya litaongeza kilo 3 na zaidi juu ya shafti ambazo, kwa maelezo yako, ndizo zinazoinama.

Nimepiga hesabu. Kilo 10 zikigawanywa kwa shafti mbili, kila moja inabeba kilo 5, yaani nguvu ya newtoni 49 hivi. Tukichukulia kwamba uzito wote umekaa katikati na ncha zimeegemea tu, shafti ya mm 16 yenye urefu huo inashuka mm 0.34. Wewe umepata 0.3. Sidhani kama hiyo ni bahati tu.

Lakini usiniamini mimi, iamini geji. Funga geji ya saa (ile yenye mshale unaoonyesha sehemu ndogo za milimita) kwenye fremu, si kwenye meza, na ncha yake iguse shafti katikati. Bonyeza meza kwa mkono, usome. Kisha hamishia ncha kwenye meza, ubonyeze kwa nguvu ileile. Vikishuka sawa, mkosaji ni shafti. Meza ikishuka zaidi ya shafti, kagua beringi na bolti zake, halafu ndipo ulifikirie bamba. Na usisahau vishikio vya ncha: bolti moja iliyolegea inaweza kukupotezea wiki nzima.

Shafti inavyoinama inategemea mambo mawili ambayo yana nguvu kuliko watu wanavyodhani. Urefu ukiongezeka mara mbili, inashuka mara 8. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, inashuka kidogo, sehemu moja ya 16 tu. Kwa hiyo ukiweka shafti za mm 20 utabaki na mm 0.14, za mm 25 zitakufikisha kwenye 0.06. Ukisogeza vishikio viwe mm 450 na kuacha shafti ulizonazo, nako utapata 0.14, ila unapoteza mwendo wa meza. Kununua shafti "ngumu zaidi" ni kutupa pesa: ugumu wa ngozi ya shafti unazuia beringi kuikwaruza, hauizuii kuinama. Kwenye kuinama, vyuma karibu vyote ni ndugu.

Mimi ningeachana kabisa na shafti zinazoning'inia. Tafuta zile zenye kitako cha alumini chini yake urefu wote, zinazotumia beringi zilizo wazi upande wa chini. Ila kitako chenyewe hakina nguvu ya ajabu. Kikifungwa juu ya plaiwudi, kitafuata plaiwudi. Weka chini ya kila reli (yaani shafti pamoja na kitako chake) bomba la mraba la chuma, mm 50 kwa 50, unene mm 3. Bomba hilo linapinga kuinama zaidi ya mara 60 kuliko shafti yako, kwa hiyo kwa mzigo uleule linashuka kama mm 0.005. Ukichomelea, jua kwamba joto hupinda bomba: likague kwa rula iliyonyooka kabla ya kufunga reli, na penye mwanya weka vipande vya kopo la soda, ambavyo vina unene wa takriban mm 0.1. Meza inaweza kupanda, basi pima kwanza nafasi iliyobaki chini ya spindo, yaani mota inayozungusha kisu.

Kuna watakaokushauri usawazishe uso wa meza kwa mashine yenyewe. Pale ambapo meza imetulia na daraja (fremu ya juu inayobeba spindo) ndilo linalotembea, ushauri huo ni mzuri. Kwako, meza ikishuka katikati kisu kitakula kidogo hapo, na utabaki na kinundu. Ukilaza ubao ulionyooka, utabembea. Tena uzito wa kazi ukibadilika, na kosa linabadilika.

Wakati wa kufunga, kaza reli moja kabisa, nyingine iache imelegea. Sukuma meza kwa mkono kutoka ncha hadi ncha, ukikaza bolti za reli ya pili moja moja pale meza ilipo. Ikianza kuwa nzito mahali, rudi nyuma ulegeze bolti ya mwisho.