Mnana yupi huyu?

Swali: Kila nikiwaonyesha wenzangu wa chama cha watazama ndege picha na kuuliza "Ndege gani huyu?", wengine hununa. Nawakera nini? – Msomaji, Entebbe

Jibu: Ndugu msomaji, unawapa picha bila maelezo. Taja mahali, tarehe, saa, ukubwa wake ukimlinganisha na shomoro au kunguru, na alichokuwa akifanya. Kwa mnana, ndege mdogo anayefuma kiota chake, hata hayo hayatoshi, maana madume wengi ni wa manjano wenye kichwa cheusi. Piga picha ya jicho na ya mgongo. Jicho jekundu na mgongo wenye madoa meusi: huyo ni mnana aitwaye kisayansi Ploceus cucullatus. Jicho la kahawia iliyokoza, mgongo usio na madoa na ukosi wa manjano: Ploceus melanocephalus. Majike huwachanganya hata wakongwe, basi ukijibiwa "hatujui", usilazimishe jina. Wala usikoleze rangi za picha. Unafuta alama zenyewe.

Linalotuuma zaidi ni kutangaza mahali pa kiota. Korongo-nyangumi, yule ndege mkubwa mwenye domo pana anayeonekana kwenye kinamasi cha Mabamba, Uganda, hutaga mayai 1 hadi 3 na kwa kawaida hukuza kinda 1 tu. Mitumbwi ikimiminika, mzazi huondoka na mayai hubaki juani. Mwambie kiongozi wa chama peke yake.