Chole na watoto: nenda, lakini jiandae

Dada, umeuliza kama unaweza kulala Chole, kisiwa kidogo cha Mafia, siku tatu na watoto wawili bila hoteli kubwa. Unaweza, tena nenda. Mimi nimelala kwa wenyeji mara mbili na bado napakumbuka.

Panda boti Nyamisati, upande wa bara, mpaka Kilindoni, mji wa Mafia, kisha bajaji hadi Utende, kijiji kinachotazamana na Chole. Getini kuna ada ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1995. Kuvuka hadi Chole ni karibu sana, ila ulizia kwanza kama maji yamejaa au yamekupwa. Yakiwa yamekupwa, chombo hakifiki ufukweni. Unashuka na kutembea, maji magotini, mtoto mgongoni. Ndala zitanasa topeni, kwa hiyo vaa viatu vya kufunga.

Kuoga ni ndoo na kata, na ukiwa kisiwani lazima maji uyaheshimu. Watu wa Jibondo, kisiwa jirani, kwa miaka mingi walivushiwa maji kwa chombo. Kwa hiyo usimwache mtoto amwage ndoo kwa mchezo. Kuna mtu ameibeba kichwani. Beba tochi, dawa za watoto, chandarua na pesa taslimu ya kutosha.

Jioni wapeleke chini ya miembe wakaone popo wakubwa wanaokula matunda, wananing'inia kama makoti meusi. Asubuhi wapeleke kwa mafundi wa majahazi. Mwanangu alikaa saa nzima akimtazama fundi akisindilia pamba kwenye nyufa za mbao, hakuuliza simu hata mara moja.

Na chukua khanga mbili za kujistiri, kijiji ni cha Waislamu.