Wajuzi Wanajibu: Mbwa Mlimani Wakati wa Barafu

SWALI: Habari za kazi. Mbwa wetu ana kilo 25 na manyoya marefu. Januari tulimpeleka kwenye njia za White Mountains. Baada ya nusu saa akaanza kuchechemea, akakaa chini akitafuna nyayo. Tulipomvalisha viatu vya mbwa, akateleza zaidi. Tumekosea wapi?
*Msomaji, Manchester, New Hampshire, Marekani*

JIBU: Hapo kuna mambo mawili, na dawa ya moja huharibu jingine.

La kwanza ni madonge ya barafu. Theluji iliyo karibu na nyuzi 0 huwa na unyevu. Hunasa kwenye manyoya ya katikati ya vidole, huyeyuka kidogo kwa joto la mguu, kisha huganda tena mpaka ikawa donge gumu kama kokoto linalovitanua vidole. Siku ya baridi kali, theluji ikiwa kavu, shida hiyo hupungua sana. Kwa hiyo siku inayoonekana nafuu kwenu ndiyo mbaya kwa nyayo zake.

Kwa mkasi butu, punguzeni manyoya ya chini ya wayo yawe sawa na zile nyama laini anazokanyagia. Yaliyo ndani kabisa, kati ya vidole, yaacheni, maana yanakinga ngozi. Robo saa kabla ya kuanza, pakeni nta ya nyayo za mbwa, hasa kati ya vidole, kisha rudieni kila inapokwisha. Donge likishaganda msilivute, litang'oka na manyoya. Lifumbateni mkononi liyeyuke, kisha mkaushe.

La pili ni mshiko. Mbwa hushika barafu kwa makucha, na kiatu huyafunika. Kwenye barafu tupu, avuliwe viatu na abaki na nta. Viatu vina kazi yao sehemu mbili: kwenye maegesho yaliyomwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu, na kwenye theluji yenye gamba gumu, ambalo huvunjika chini ya uzito wake na kumchana miguu. Pimeni kiatu akiwa amesimama, kwani wayo hutanuka. Mkanda ukazwe kiasi cha kupitisha kidole chenu kimoja. Ukibana zaidi, damu haifiki vizuri na mguu huganda upesi. Bebeni viatu viwili vya akiba, maana viatu hivyo hupotea kwa urahisi kwenye theluji. Na wiki ya safari msimkate makucha mafupi mno.

SWALI: Mimi huvaa njumu za chuma, yale meno yanayofungwa chini ya kiatu yashike barafu, na kufunga kamba ya mbwa kiunoni. Kuna ubaya?

JIBU: Wakati wa kupanda, si sana. Wakati wa kushuka, fungua. Mbwa akiruka mbele ghafla, anakuvuta uzito wako ukiwa tayari umeelekea bondeni, na njumu haziwezi kukuzuia. Mfundishe amri moja ya kubaki nyuma yako, na mvalishe mkanda wa kifuani wenye mpini mgongoni ili umshikie penye mwinuko. Asikugande miguuni pia: ukimkanyaga kwa njumu mara moja tu, wayo umechanika.

Kuhusu mpaka wa safari hatuna mjadala. Njia ikidai njumu ndefu na shoka la barafu, mbwa abaki nyumbani. Mtu akiteleza ana shoka la kujisimamishia. Mbwa hana chochote. Vivyo hivyo juu ya kimo ambacho miti haioti tena, mahali pasipo kinga ya upepo. Mount Washington, kilele kirefu kuliko vyote vya White Mountains, mita 1,917, ndiko upepo wa kilomita 372 kwa saa ulikopimwa Aprili 12, 1934. Hata upepo mdogo kuliko huo mara kadhaa hupenya manyoya yaliyolowa.

SWALI: Nitajuaje kwamba amezidiwa na baridi, na nibebe nini?

JIBU: Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39. Kutetemeka ni onyo la kwanza: geuza urudi. Akiacha kutetemeka huku amelegea na kupepesuka, hali ni mbaya. Mkaushe, mfunike, weka chupa ya maji moto iliyozungushiwa kitambaa kifuani pake, kisha muwahishe kwa daktari wa wanyama. Ncha za masikio na mkia zikipauka, usizisugue.

Beba maji ya vuguvugu, lita moja kwa mwendo wa saa nne, umpe kidogo kidogo. Kula theluji kunampoza na hakumalizi kiu. Chupa ilaze kichwa chini, kwa sababu maji huanza kugandia juu. Vitafunwa vyako vyenye zabibu kavu au chokoleti ni sumu kwake, na ibuprofeni pia.

SWALI: Niko Moshi. Naweza kumpandisha mbwa wangu Kilimanjaro akaione theluji?

JIBU: Hapana, wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi katika hifadhi za taifa. Sababu kubwa ni magonjwa. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ambavyo mbwa wa kufugwa hubeba, viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mtembeze kwenye barabara za vijijini chini ya hifadhi, akiwa amefungwa kamba na amechanjwa kichaa cha mbwa.