Kaka anaumwa saratani ya utumbo, mimi sina dalili. Nipimwe?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mkulima wa parachichi, Rungwe, nina miaka 44. Kaka yangu wa baba mmoja mama mmoja amegundulika na saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 47. Mimi choo napata vizuri, damu sijawahi kuona, uzito haujapungua. Shemeji ananihimiza nikapimwe kwa kamera, mke wangu anasema ugonjwa hautafutwi. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na poleni kwa kuuguza. Msikilize shemeji.

Saratani hii kwa kawaida huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo. Hakiumi, na kinaweza kukaa miaka kama 10 kabla ya kugeuka saratani. Kolonoskopi, yaani hicho kipimo cha kamera, hukiona, na mara nyingi daktari hukikata palepale. Ndiyo maana anapimwa mtu mzima wa afya kama wewe.

Asiye na mgonjwa kwenye ukoo, miongozo ya Marekani tangu 2021 inamtaka aanze akiwa na miaka 45 (zamani ilikuwa 50), na anaweza kuchagua kupima kinyesi kila mwaka kutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Hesabu yako ni nyingine. Ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua kabla ya miaka 60, unaanza ukiwa na 40, au miaka 10 chini ya umri aliogundulika nao, kinachotangulia. 47 toa 10 ni 37. Umeshachelewa kidogo. Majibu yakiwa safi, unarudia baada ya miaka 5.

Kinachowatesa watu ni maandalizi, kamera yenyewe wala. Siku chache kabla, acha kande, maharage, mapera na pasheni. Siku ya mwisho ni vya maji tu: chai ya rangi, supu iliyochujwa. Maziwa hapana, ingawa najua Rungwe kwenu ndiyo maji ya kunywa. Vinywaji vyekundu pia hapana, vitadhaniwa damu. Dawa ya kuharisha mara nyingi hunywewa nusu jioni, nusu alfajiri, mpaka yatoke maji ya manjano yasiyo na tope. Sasa alfajiri hiyo usije ukawa kwenye basi la Tukuyu kwenda Mbeya! Lala mjini kwa ndugu mwenye choo cha ndani. Na uwe na mtu wa kukurudisha, kwa kuwa dawa ya usingizi hukuacha na kizunguzungu.

Utumbo kutoboka au kuvuja damu hutokea, ila kwa nadra. Kama unatumia dawa za kisukari, za kuzuia damu kuganda au vidonge vya kuongeza damu, sema mapema.

Kabla ya kufunga safari, piga simu hospitali uulize kama kamera inafanya kazi wiki hiyo na kama vinyama wanavikata hapohapo. Watoto wa kaka nao waambiwe: wakifika 37, zamu yao.