Maswali na Majibu: Kijivu cha sebuleni kimegeuka zambarau

SWALI: Salaam. Sisi ni ndugu watano na tunakarabati nyumba ya marehemu wazazi wetu hapa Ngamiani, Tanga, ili shangazi yetu ahamie pamoja na wajukuu wake wawili wadogo. Kuta ni kavu, nyufa zimezibwa na puti imepigwa. Kwenye kundi la familia tulipiga kura, tukachagua kijivu chepesi kutokana na picha iliyotumwa na mshauri mmoja wa mtandaoni. Alisema kwamba dirisha la sebule likitazama kusini, chumba hupata jua kali na kinahitaji rangi ya kukipoza. Tulinunua ndoo tatu za lita 20 na kupaka mwezi Juni. Mikono miwili ilipokauka, ukuta ukawa wa zambarau. Tumebakiza sakafu ya zamani ya saruji nyekundu, na ng'ambo ya uchochoro jirani ameezeka mabati mapya ya bluu, sijui kama hayo yanahusu. Fundi anasema tuongeze mkono wa tatu, au atie nyekundu kidogo kwenye ndoo mbili zilizobaki ili kuondoa ubaridi. Pia chumba cha wajukuu kina rangi ya mafuta ya manjano iliyokuwapo tangu tukiwa watoto. Shangazi anataka manjano ileile. Fundi ataisugua yote kwa msasa, kisha atuletee nyingine ya bei nafuu kwenye makopo yasiyo na nembo. Je, tununue rangi gani?

JIBU: Dada yangu, poleni kwa gharama. Mkono wa tatu hautasaidia, kwa kuwa mikono miwili iliyopakwa vizuri imeshafunika ukuta, na mtakachopata ni zambarau ileile yenye unene zaidi. Nyekundu ya fundi isiingie ndooni hata tone moja. Ama swali la rangi ya kununua, ndilo ninaloletewa karibu kila siku, nami sitalijibu kwa kutaja jina la rangi, kwa sababu mtu anayelijibu bila kukanyaga sebule yenu anawadanganya, awe mshauri wenu au niwe mimi.

Umeuliza kama sakafu na paa la jirani yanahusu. Hayo ndiyo yaliyopaka sebule yenu. Tanga ipo takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia wiki ya pili ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini wa nyumba, na ni katika miezi iliyobaki tu ndipo linapohamia kusini. Mlipaka Juni, mwezi ambao dirisha la kusini halipati jua la moja kwa moja hata kidogo. Mwanga uliokuwa ukiingia ulitoka kwenye anga, ambalo lenyewe lina ubluu, na kwenye mabati ya jirani, ambayo mteremko wake unaowatazama ninyi ndio uliokuwa ukipigwa na jua la kaskazini sawasawa. Mwanga huo ukaangukia sakafu nyekundu, nayo sakafu ikarusha wekundu wake kwenye kuta kutoka chini. Kijivu chepesi hakina nguvu ya kupinga bluu kutoka dirishani na nyekundu kutoka sakafuni. Huzipokea zote mbili, na macho yenu yakaona zambarau. Sasa fikirini ingekuwaje kama fundi angetia nyekundu nyingine juu yake.

Kijivu chenyewe nacho kina upande wake. Kile kinachopatikana kwa kutia nyeusi ya masizi ndani ya nyeupe huelemea bluu tangu kikiwa kwenye kopo, ndiyo maana watengenezaji makini hukitia manjano ya udongo au kahawia kidogo ili kikae katikati. Nina hakika ya kutosha kwamba chenu hakikutiwa.

Ushauri mliopewa, kwamba chumba cha kusini kipozwe na cha kaskazini kitiwe joto, ndio unaonichosha kuliko mengine yote katika kazi hii. Si uongo, ni ukweli wa kwingine. Uingereza jua la mchana halipiti kaskazini mwa nyumba hata siku moja katika mwaka, na London mwezi Desemba hufika nyuzi 15 tu juu ya upeo, likaingia vyumba vya kusini hadi ukuta wa nyuma. Mtu wa huko anayeishi chumba cha kaskazini ana haki ya kutafuta rangi yenye joto. Watu wa Afrika Kusini huigeuza kanuni hiyo juu chini, nao wako sahihi kwao. Sisi tulio karibu na ikweta hatuwezi kuitumia wala kuigeuza. Hata Juni, jua la saa sita mchana hapo Tanga huwa juu kiasi cha nyuzi 61, kwa hiyo upenu wa mita 1 hutia kivuli kwenye zaidi ya mita 1.8 za ukuta ulio chini yake. Jua halimo ndani ya chumba wakati huo; kilichomo ni mwanga uliogonga kitu nje kwanza. Hapa kwetu, kabla ya kuuliza dirisha linatazama upande gani wa dunia, uliza linatazama nini: mchanga mweupe, majani ya mwembe, ukuta wa jirani, udongo mwekundu. Pande zenye maana ya kweli ni mashariki na magharibi, ambako jua huwa chini asubuhi na jioni likaingia chini ya upenu.

Somo hili nililipata kwa kuaibika. Miaka mingi iliyopita nilichagulia nyumba moja ya Muheza rangi ya maziwa, nikaichagua dukani chini ya taa za mirija, nikiwa na uhakika wote wa mtu aliyetoka kusoma. Uwanja wa nyumba ile ulikuwa udongo mwekundu mtupu. Saa nne asubuhi ya siku ya kukabidhi, mama mwenye nyumba alisimama mlangoni akaniuliza kwa upole kwa nini nimempakia waridi. Nilirudia kuta zote kwa fedha yangu.

Kuhusu ile kura ya familia, niseme bila kuficha: ndugu watano wenye simu tano walipigia kura rangi tano tofauti. Kila kioo kina mwangaza wake, na kamera ya simu husahihisha rangi yenyewe bila kumuuliza aliyeishika, ikaufanya ukuta wa njano uonekane mweupe, na mweupe uonekane wa samawati. Picha ile iliwaonyesha sofa nzuri na dirisha kubwa la nchi nyingine. Hata kipande cha kadi ya dukani, kikubwa kama stempu, hakisemi ukweli wote, kwa sababu ukutani kuta nne hurushiana rangi, nayo ikakolea kuliko ilivyo kwenye kadi. Ndiyo maana mara nyingi nikishapendezwa na rangi kwenye kadi, huanza majaribio na ile iliyo hatua moja chini yake kwa ukolezi.

Fanyeni hivi. Chagueni rangi mbili au tatu, msizidishe, na mnunue lita moja moja kutoka duka linalochanganya kwa mashine. Kwa sebule hiyo ningeanza na nyeupe zenye asili ya manjano ya udongo, au kijivu kilichotiwa kahawia, kwa kuwa sakafu mmeipenda na jirani hataezua paa lake kwa ajili yenu. Chukueni kadibodi kubwa, ikunjeni katikati kama kitabu kilichofunguliwa, mpake mikono miwili na kuacha ukingo wa upana wa vidole vinne bila rangi. Isimamisheni kwenye kona ya sebule ili kurasa mbili zitazamane kama kuta zinavyotazamana. Msipake viraka juu ya ile zambarau, maana jicho litalinganisha rangi mpya na ya zamani badala ya kuiona yenyewe. Subirini ikauke kabisa, kwa kuwa rangi ya maji kwa kawaida hukolea inapokauka, tofauti na chokaa, ambayo ikiwa mbichi huonekana kama maji matupu na kesho yake ikang'ara nyeupe. Kisha itazameni saa moja asubuhi, saa sita, saa kumi na moja jioni, na usiku taa zikiwaka. Mfanye hivyo siku tatu, na ndugu wanaotaka kupiga kura waje sebuleni.

Usiku usidharauliwe, maana shangazi atakaa sebuleni zaidi jioni kuliko mchana. Someni namba iliyo kwenye boksi la balbu: nyingi zinazouzwa madukani kwetu zimeandikwa 6500, nao ni mwanga mweupe wenye ubluu, unaokimaliza kabisa kijivu kama chenu. Balbu ya 3000 au 2700 ina umanjano. Nimewahi kuona familia ikiacha kupaka upya baada ya kubadilisha balbu nne tu. Kwenu hilo halitatosha kwa sababu ya paa na sakafu, lakini balbu za kujaribia ziwe zilezile zitakazobaki darini.

Turudi kwa fundi na ile nyekundu yake. Simdharau fundi, mkono wake unaweza kunyoosha ukuta kuliko wangu. Ninachokipinga ni desturi ya kuchanganya kwa macho, uwanjani, kwa kijiti, kisha kuahidi kwamba ndoo ya pili itafanana na ya kwanza. Haitafanana. Mtaliona hilo katikati ya ukuta, au miaka miwili baadaye mtakapotaka kufuta alama ya baiskeli ya mtoto na hakuna binadamu anayejua ndani ya ndoo kulitiwa nini. Mashine ya duka hutoa karatasi yenye namba za mchanganyiko. Ibandikeni ndani ya mlango wa kabati. Na hata ndoo zilizochanganywa kwa mashine, zimimineni pamoja kwenye pipa moja safi na kuzikoroga kabla ya kuanza, kwa sababu tofauti ndogo kati ya ndoo huonekana waziwazi pale mbili zinapokutana ukutani.

Ndoo mbili zilizobaki msizitupe. Kama mna chumba chenye dirisha la magharibi, kijaribuni kijivu hicho huko kwa njia ileile ya kadibodi, maana jua la jioni linaweza kukipa joto linalokosekana sebuleni. Kisipofaa, kitumieni kama mkono wa kwanza chini ya rangi mpya.

Sasa chumba cha wajukuu, ambacho ningependa mngekitaja mwanzo wa barua na si mwisho. Manjano ya mafuta ya zamani, yenye mng'ao ule ambao shangazi anaukumbuka, mara nyingi ilitengenezwa kwa madini ya risasi, na hivyo pia baadhi ya nyekundu na machungwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto mdogo huharibu ubongo unaokua, na madhara hayo hayarudi nyuma. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linapendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja, na kopo lisilo na nembo halina mtu wa kuulizwa kuhusu 90 wala 9,000. Wauzaji wa makopo hayo husema rangi yao "ni kali, haipauki." Mimi nikiisikia sifa hiyo kwenye manjano ya bei ya kutupa, huondoka hapo dukani.

Kwa hiyo msasa mkavu usiguse ukuta ule, wala moto wa kubabulia. Wasiwasi wangu si kwa chumba hicho tu. Karibu kila nyumba ya urithi ninayoitwa, nakuta mafundi wamefunika nyuso kwa fulana, vumbi la rangi ya miaka 40 limejaa sakafuni, na watoto wa nyumbani wanachora humo kwa vidole. Vumbi hilo ndilo linaloingia mdomoni. Kama rangi ya zamani imeshika na haibanduki, iacheni mahali pake: ioshwe kwa sabuni, ikauke, ipakwe praima, yaani rangi ya msingi, inayoshika juu ya rangi ya mafuta, kisha manjano mpya ya maji kutoka kopo lenye jina la mtengenezaji na tamko kwamba halina risasi. Pale inapobanduka, iloweshwe kwa maji na kukwanguliwa ikiwa mbichi, juu ya turubai la plastiki, mlango ukiwa umefungwa, na watoto pamoja na mjamzito yeyote wasiwepo nyumbani siku hiyo. Fundi avae barakoa halisi ya vumbi. Mabaki yafungwe ndani ya turubai lilelile. Sakafu isifagiwe bali ifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni, mara mbili, na fundi abadilishe nguo kabla ya kurudi kwa watoto wake mwenyewe.